Kikombe cha Maua

Shughuli nzima iligharimu pauni tatu na nusu. Muuzaji wa Kenton, mtaa wetu huku ng'ambo, alitaka nne. Nikamwonyesha mkwaruzo ambao hata yeye hakuwa ameuona. Nikarudi nyumbani na kikombe cha maua, kimoja tu, maana mgeni alikuwa mmoja.

Mgeni mwenyewe ni mamangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Nairobi miaka ya tisini. Aliyenituma ni mwenye nyumba wangu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye nilikuwa nimepanga chumba chake cha juu. Alitaka mama ashuke wanywe chai.

Mama hakutaka. Enzi za mkoloni, kila rangi ilipokuwa na mtaa wake, alikuwa yaya kwa Wahindi wa Ngara. Chai aliinywea uani, kwa kikombe chake cha bati kilichotundikwa msumarini. Uhuru ulikuja, mitaa ikachanganyika, lakini mezani kwa Mhindi hakuwahi kukaa.

"Leo utakaa," nikamwambia.

Akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani. Chai ikaletwa: mimi na bibi kwa vikombe vya kahawia vya kila siku, mama kwa kile cha maua. Akakitazama. Akatazama vyetu.

"Changu cha peke yake," akasema polepole. "Hata huku, memsahibu?"

Nilitaka kueleza habari ya bei, nashukuru nilinyamaza. Bibi alishika mdomo.

"Haki ya Mungu, mama, hiyo mpya! Ya mgeni!"

Mama hakukigusa. Alikuwa ameanza kufunga mkoba.

Ndipo bibi akakivuta kile cha maua kwake, akamsogezea mama chake mwenyewe, chenye ufa ukingoni. "Basi kunywa yangu. Nimeshaonja, lakini kidogo tu."

Mama akakizungusha, akanywa palepale bibi alipogusa.

"Tangawizi umeibania, memsahibu."

"Memsahibu alibaki Ngara. Hapa mimi dada yako."

Wakacheka, wakaongeza chai, na biskuti zangu zikaisha zote. Nilihesabu mara mbili.

Mwaka uliofuata bibi akakata tiketi ya kwenda kuiona Kisumu, na angelala kwa mama Nairobi. Mama akanipigia simu. "Kabatini nina vikombe vizuri vya wageni, na hivi vyetu vya kila siku. Wewe mjuaji wa kila kitu, niambie: nimpe kipi asije akanielewa vibaya?"