Aliyebeba Nta Hadi Bagamoyo

Nakumbuka, mwanangu, siku ile niliyomziba bibi yangu mdomo mbele ya mgeni rasmi, na kiganja changu kimejaa wino. Cheka tu, usijizuie. Kijiji kizima kilicheka kabla yako.

Nilikuwa na miaka ishirini. Uhuru wenyewe ulikuwa bado mtoto anayeota meno, nasi ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kijijini kwetu hiyo ilikuwa sawa na kuimaliza dunia. Nilikuwa na kalamu moja, inavuja kama pua ya mtoto, lakini niliichomeka mfukoni hata nikienda kulima shamba la pamoja. Ndoto yangu ilikuwa kuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilikwisha kujiona juu ya baiskeli, wazee wananiamkia, "Hujambo mwalimu!", nami najibu kwa sauti nzito ambayo bado sikuwa nayo.

Basi zikaja habari kwamba mkuu wa wilaya atasherehekea siku ya Uhuru kwetu, na kwamba atachagua kijana mmoja wa kwenda Tabora mjini kusomea kazi hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Kulwa, tuandikie historia ya mashujaa wetu wa njia ya Bagamoyo, uisome siku hiyo. Ukimfurahisha mgeni, umekwenda mjini. Usipomfurahisha, jembe lako unajua ulipoliegemeza."

Mwanangu, wewe umekuta reli. Kabla ya reli, Mnyamwezi asiyefika pwani kwa miguu hakuhesabiwa mwanamume. Hata akiposa, wakwe walimwuliza kwanza bahari ina rangi gani. Kwa hiyo nikazunguka kwa wazee wote wa kiume na daftari langu. Namba moja nikamweka babu yangu mwenyewe, marehemu Kasanda, maana sifa zake nilizijua tangu nanyonya.

Nilikuwa naishi na mjane wake, Bibi Kalunde. Kila jioni aliniona naandika, nami kila jioni nilimwuliza maswali. "Bibi, chumvi iko wapi?" "Bibi, taa umeiweka wapi?" Akanijibu yote. Ndiyo maana wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, Mzaramo wa huko huko pwani. Wanaume tulikaa mbele, wanawake walikuwa pembeni kwenye mafiga, wanasonga ugali wa mtama. Nikasimama, nikakohoa kisomi, nikaanza:

"Shujaa wa kwanza ni Kasanda, simba wa njia, aliyebeba mzigo wa nta kwa bega lake mwenyewe mpaka Bagamoyo..."

Kwenye moshi kikasikika kicheko kikavu, kama bisi zinapasuka chunguni. Nilikijua. Nikajifanya sikukisikia, nikaongeza sauti.

Mgeni akainua mkono. "Subiri, kijana. Huko kwetu kuna mto Kingani, una mamba. Shujaa wako aliuvukaje?"

Nikafunua daftari mbele, nikafunua nyuma. Kingani haikuwemo.

"Alivuka chali!" sauti ikatoka jikoni. "Chali kama gunia la mihogo!"

Bibi Kalunde huyoo, mwiko mkononi, ugali umegandia. "Kasanda wangu homa ilimwangusha tukiwa Ugogo. Mzigo wake wa nta nikajitwika mimi. Siku kwa siku, jua la Ugogo linayeyusha nta, nta inanishukia kwenye nywele. Nilifika pwani nanuka mzinga, nyuki wananifuata kunijulia hali!" Akamgeukia mgeni. "Na wewe mnene, wenye mtumbwi si ndio babu zako? Walitaka jembe zima kwa kila kichwa. Wazaramo kulima hamlimi, jembe la nini? La kupigia ngoma?"

Mwanangu, niliiona baiskeli yangu inaondoka peke yake, bila mtu juu. Nikaruka, nikamziba bibi mdomo kwa kiganja. "Mheshimiwa, tusamehe, huyu ni mzee, hajui anachosema."

Mgeni akasimama hata kiti kikaanguka. "Mwachie! Nani kakupa ruhusa ya kumnyamazisha mtani wangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara hiyo hiyo. Tusi hujibiwa kwa tusi, na anayeuzuia utani hutozwa faini. Nilijua yote hayo. Nilidhani tu kwamba utani haumfiki mtu aliyevaa suti.

"Faini yako jogoo," akaniambia. Kisha akainama mbele ya bibi. "Shikamoo, bibi. Lakini nyinyi Wanyamwezi mlipofika kwetu si mlibisha hodi baharini, mkauliza mwenye maji yuko wapi awaruhusu kuchota?"

"Marahaba. Tuliuliza," akajibu bibi, na masharubu ya wino yamemkaa juu ya mdomo, "tukaambiwa mwenyewe kalala, ni Mzaramo."

Watu walicheka mpaka ugali ukaungua. Walipotulia, mgeni akauliza taratibu, "Sasa bibi, mbona miaka yote hukusema?"

"Angerudi nyumbani bila mzigo asingehesabiwa mtu. Nikamtwisha mwenyewe mzigo wa nguo tuliorudi nao tulipokaribia kijiji, aingie nao. Akajisifu hadi anakufa, na alipendeza akijisifu. Uongo wa mdomo niliuacha, unapita na upepo. Lakini huyu mume wangu mdogo," akaninyooshea mwiko, "anauandika kwa wino. Wa wino unakaa."

Mgeni akalichukua daftari, akanirudishia. "Mwandiko mzuri. Ila umemsahau aliyebeba. Nitapita tena mwezi ujao."

Mwezi mzima nilimenya karanga za bibi huku naandika. Safari hii nilimwuliza Bagamoyo, sikumwuliza chumvi. Ndipo nikamjua shoga yake Nyamizi, aliyejifungua njiani, akamzika mtoto asubuhi, na mchana akajitwika chungu maana wapagazi lazima wale. Nyamizi huyo ndiye aliyewatania wenye mtumbwi pale Kingani mpaka wakavushwa bure. Mgeni aliporudi alisoma lile daftari lote, akala jogoo wake, akanipeleka Tabora.

Niliporudi mwalimu, mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa bibi. Nikamwandikia ubaoni: Kalunde. Akatikisa kichwa.

"Anza na Nyamizi."

"Bibi, kila mtu huanza na jina lake."

"Mimi nina mjukuu wa kuniziba mdomo. Nyamizi hana hata wa kumziba."

Akaandika N kwa siku tatu, imepinda kama mkia wa mbuzi, lakini akafika mwisho wa jina.

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba ndiye ajuaye uzito wake, na mara nyingi yuko jikoni anasubiri kuulizwa. Kabla hujaandika shujaa wa ukoo wako, mfuate mama, shangazi, bibi. Kaa, menya karanga, uliza. Akikwambia jambo linalokuharibia hadithi yako nzuri, shukuru, futa, anza upya. Na ukimwona mzee wa kike anacheka peke yake wakati wanaume wanasifiwa, mpe kiti.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kalamu yako. Akupe bibi mwenye mwiko mkononi, na akuepushe na mkono wa kumziba mdomo. Nenda salama, na mzigo wako uwe mwepesi. Ukiwa mzito, umkumbuke aliyekusaidia kuubeba.