Tumbo la Ng'ombe wa Jirani

Sheha wetu alipotangaza kwamba kila Jumamosi asubuhi watu watoke na mafagio wasafishe mtaa, mie nilisema sitoki. Si kwamba nilikuwa na kazi. Sheha alikuwa wa chama cha wale, mie nilikuwa wa chama chetu, na wakati ule hilo lilitosha. Vyama vingi vilipoingia Pemba tuligawana kila kitu: maduka, harusi, hata maziko. Mtu akifa, kwanza tunauliza alikuwa wa upande gani, ndipo tunavaa buibui au tunakaa. Basi mie nikaona hata uchafu una chama. Taka za Jumamosi zilikuwa za sheha, na sikuwa na haja ya kumzolea sheha taka zake.

"Ufagio wangu," niliwaambia wenzangu barazani, "haufagii kwa amri ya mtu."

Wakanipigia vigelegele. Mtu mzima, na wajukuu, napigiwa vigelegele kwa kutofagia.

Kwangu lakini nilifagia. Uani kwangu ungeweza kumwaga wali chini ukaula. Kila asubuhi nakusanya maganda ya muhogo na matumbo ya samaki, natia ndani ya mfuko wa plastiki. Enzi hizo mifuko ile haijapigwa marufuku. Ukinunua hata kiberiti unatiliwa. Mdomo wa mfuko naufunga kwa utepe wa kitambaa, vifundo viwili, halafu navuka njia natupa jaani. Hilo jaa lenyewe lilikuwa kichaka tu cha mipera, nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Nikirudi napangusa mikono, najiambia wengine wanatupa ovyo, wangu umefungwa.

Jirani huyo alikuwa shoga yangu tangu tuko wasichana. Tuliolewa mwezi mmoja. Kila alfajiri akimkamua ng'ombe wake ananiletea kibakuli cha maziwa. Ikaja siasa, yeye akaenda kwa wale, mie nikabaki kwetu. Maziwa yakakoma, na salamu zikakoma. Nikawatangazia watu kwamba maziwa ya ng'ombe yananisumbua tumbo tangu utotoni. Mwaka mzima nikanywa chai kavu, na kila nikiinywa naisifu.

Halafu ng'ombe wake akaugua. Siku ya kwanza hakula. Ya pili tumbo likavimba upande mmoja, akalala chini. Nilimwona kwa tundu za ua wangu wa makuti, nikamhurumia, nikanyamaza. Ushujaa wangu ulikuwa huo. Siku ya tatu asubuhi nikasikia wanamchinja kabla hajawa mzoga.

Hata damu haijakauka, mwenzangu mmoja wa chama akaja mbio, kanishika mkono.

"Bi mkubwa, umewakomesha!"

"Nimemkomesha nani?"

"Yule ng'ombe. Si weye uliyemtilia sumu? Mtaa mzima wanasema ni weye."

Alikuwa anacheka kwa furaha. Maadui kunizulia nilikuwa nimeshazoea. Huyu alikuwa wangu, na alikuwa ananipa hongera. Riziki yangu ilikuwa maandazi ya asubuhi. Nani atakula andazi la mtia sumu? Na wajukuu zangu wangeitwa nani njiani?

Nikajifunga kanga kiunoni, nikavuka njia. Uwanja wa jirani umejaa watu wa vyama vyote, maana msiba wa ng'ombe haukuwekewa masharti. Ng'ombe kalazwa juu ya majani ya mgomba. Sheha yupo, na bwana mifugo kakunja mikono ya shati, kisu kipo tayari.

"Umefuata nini?" jirani kaniuliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya mwaka na zaidi.

"Nimefuata jina langu."

"Jina lako? Subiri litoke humo tumboni."

Nikapandisha sauti. Mie nikipandisha sauti husikika hadi Mtambile. "Bwana mifugo, pasua! Pasua watu waone! Wallahi ikitoka sumu yangu humo, nitauvaa utumbo huo shingoni nizunguke nao mtaa mzima!"

Bwana mifugo akapasua lile tumbo kubwa, akatumbukiza mkono hadi begani, akavuta. Likatoka bonge la mifuko ya plastiki, limejisokota, kubwa kama mto wa kulalia. Watu wakaziba pua.

"Sumu hamna," akasema. "Huyu kala plastiki. Chakula kimekosa pa kupita."

Ningetia akili ningeondoka hapo hapo. Lakini nilifurahi mno. Nikapiga kigelegele mwenyewe, halafu nikaanza kuhutubia.

"Mmesikia? Plastiki! Wachafu nyie! Mnatupa mifuko kama hamna mikono, mnaua wanyama wa watu, halafu mnawazulia waja wa Mungu! Na weye sheha, jaa hili dhamana ya nani?"

Nilihutubia vizuri sana. Sikuona kwamba nyuma yangu bwana mifugo anachambua lile bonge, mfuko mmoja mmoja, anaupanga juu ya jani. Nilichoona ni kuwa watu hawanitazami tena.

Mitatu kati ya ile mifuko ilikuwa imefungwa mdomo kwa utepe wa kitambaa, vifundo viwili.

Jirani akachukua utepe mmoja, akausuuza ndani ya ndoo, akaukunjua. Maua yakaonekana.

"Hii kanga ya kampeni yetu," akasema. "Sie tuliogaiwa tunazivaa. Nani kachana yake?"

Hapa sina budi kusema ukweli, ingawa nilitaka kuuruka. Wakati wa uchaguzi, wale walikuja na gari wakigawa kanga bure. Mie mpinzani mkubwa, mwenye ufagio usiotii amri, nilijifunika buibui hadi machoni, nikaenda kijiji cha pili nisikojulikana, nikapanga foleni, nikapokea. Kitu cha bure kinanishinda. Kuivaa sikuweza, kwa hiyo niliichana tepe nikawa nafungia taka, na moyoni najisifu kwamba hiyo nayo ni siasa.

Nilidhani nitanyamaza na mambo yatapita. Yule mwenzangu aliyenipa hongera asubuhi ndiye aliyeinama akatazama.

"Vifundo hivi vya Bi mkubwa," akasema. "Maandazi yangu ya safari hunifungia hivi hivi." Halafu akanigeukia, uso umembadilika. "Na kanga ya wale uliipata wapi?"

Sheha akacheka hadi akashika goti. "Kumbe mwanachama wetu! Mbona hukusema, tukakuletea na kofia?"

"Bi mkubwa," mtu mwingine akadakia, "utumbo unauvaa sasa au baada ya Adhuhuri?"

"Nilisema sumu!" nikajitetea. "Sikusema plastiki!"

Mifuko ilikuwa mingi, yangu mitatu tu. Ile mingine yote ilikuwa ya watu waliokuwa wamesimama hapo hapo wakinicheka, ila haikuwa na alama. Katika mtaa mzima aliyepatikana na hatia ni yule aliyefunga taka zake vizuri.

Jirani hakucheka. Alikuwa bado kashika ule utepe, unadondosha maji.

"Ng'ombe wangu kafuata maganda yako ya muhogo," akasema.

"Nisamehe."

"Nikusamehe vipi na jaa liko pale pale? Nimebaki na ndama. Jumamosi njoo."

Jumamosi nilikwenda. Nilipita mbele ya baraza ya wenzangu na gunia begani, na safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Sheha alitupanga wawili wawili, na bila shaka kwa makusudi akanipanga na jirani. Tukaingia chini ya mipera. Juu niliona mifuko kidogo tu. Chini kulikuwa na mifuko ya miaka, imeshikana na mizizi, ukivuta mmoja inafuata mitano. Tukawa tunasemezana taka tupu.

"Shika hapa."

"Nimeshika."

"Huu wako."

"Si wangu. Wangu nafunga."

"Umefumuka."

Jumamosi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nyumbani maandazi yalikuwa yananilalia. Watu waliomwona bwana mifugo kwa macho yao walirudi kununua, lakini habari ya sumu ilishatembea mbali, na ile ya plastiki haikuifuata.

Jumamosi ya nne, mama mmoja mpita njia, mgeni wa mtaa mwingine, akasimama. Akamsogelea jirani, akanong'ona kwa sauti ya kunong'ona ambayo hata mgonjwa ndani angeisikia.

"Shoga, huyu ndiye yule aliyemlisha ng'ombe sumu?"

Jirani akanyoosha mgongo. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka miguu: tope magotini, mikono inanuka, jani la mpera limeganda shavuni. Aliweza kusema lolote.

"Sumu? Huyu?" akasema. "Usimzulie mwenzio. Huyu mchafu tu."

Yule mama akanigeukia, anangoja nikasirike.

"Mchafu tu," nikamwambia, nikashika upande wangu wa gunia.