Swali la Pudensiana

Pudensiana alikuwa amechoka hata kabla hajakaribishwa kiti. Tangu loji alimokuwa mhudumu wa mapokezi ifungwe, alikuwa ameitwa kwenye usaili karibu kila pembe ya Arusha, na kila mara mwisho ulikuwa uleule: "Una swali lolote?" Naye alijibu hana, akashukuru, akarudi zake Sombetini kusubiri simu isiyokuja.

Siku hiyo alikuwa kwenye hoteli moja upande wa Njiro. Meneja aliyemsaili aliitwa Lesian, mtu wa makamo, mpole, tai imelegea shingoni. Alipomaliza ya kwake, akaweka kalamu chini.

"Haya mama, una swali lolote?"

Labda ni uchovu tu uliomfungua mdomo. "Huyu aliyekuwa kwenye nafasi hii, aliondoka kwa nini?"

Lesian alitazama dirishani. "Alifiwa na mama yake. Akaomba ruhusa, akaambiwa asubiri kwanza kundi la wageni liondoke. Akaenda kuzika, hakurudi tena."

"Nani alimwambia asubiri?"

"Ni mimi."

Pudensiana hakuwa na nia ya kumsuta. Alikuwa akimfikiria mama yake mwenyewe kule Kikwe, kiharusi kimemlaza, ndugu wanapokezana kumgeuza. "Na mimi nina mama mgonjwa," alisema. "Nikiitwa, utaniambia nini?"

Lesian alijipapasa kidevu. "Sitaki kukudanganya, mama. Sijui."

Pudensiana alitoka akiamini kazi ameikosa. Jioni simu ikaita: ameipata. "Na lile swali lako," Lesian aliongeza, "ukiitwa, wewe nenda. Mapokezi nitakaa mwenyewe."

Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alikaa kitandani, miguu inamuuma, akiwaza ahadi za mdomo alizokwisha kupewa maishani.

Masika yalipoanza, simu ya Kikwe ikaja, tena wakati wageni wamejaa mapokezi. Alimfuata Lesian, akamweleza. Meneja akamtazama, akaitazama foleni, akafikicha macho.

"Nipe hizo funguo," alisema. "Wahi."

Mama yake alifariki kesho yake alfajiri, Pudensiana akiwa amemshika mkono. Alizika, akakaa na ndugu zake mpaka matanga yakaisha, kisha akarudi kazini. Kazi yenyewe iliendelea kumchosha, lakini hakuiacha.