Posa Iliyorudishwa kwa Kukosa Sabuni

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa vijiji vya Chamwino, kuhamasisha watu wajenge vyoo na kunawa mikono. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepanga chumba Majengo, na nilijiona naweza kuushawishi hata ukuta. Hotuba niliiandika siku tatu. Ilianza hivi: "Ndugu wananchi, unawaji wa mikono kwa maji tiririka na sabuni ni nguzo ya ustawi wa kaya."

Kijiji cha kwanza walinisikiliza kimya, wakapiga makofi, wakaenda zao. Niliporudi sikukuta hata kibuyu chirizi kimoja, yaani lile dumu la kunawia linaloning'inizwa nje ya choo. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Daktari, hotuba yako nzuri sana. Kama ya bungeni."

Kijiji cha pili, mwenyekiti akanipa mkalimani, maana watu wazima wengi pale husikia Kigogo kuliko Kiswahili. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo mwenye sauti ya kufukuzia ndege kwenye mtama. Nilimwamkia, nikampa nakala ya hotuba. Akaikunja, akajipepea nayo.

Nikasimama, nikawasalimu "Mbukwenyi," na Kigogo changu kikaishia hapo. Nikatoa sentensi ya kwanza, ndefu kama treni ya mizigo. Mama akaitafsiri kwa maneno mawili matatu. Nikatoa ya pili. Hapo akazungumza dakika tano nzima, akaninyooshea kidole, akashika tama. Wanawake wakaguna. Wazee wakatikisa vichwa. Vijana wa nyuma wakacheka mpaka mmoja akaanguka na baiskeli yake. Nikavimba kichwa: kumbe ule ustawi wa kaya una nguvu hivi!

Tulipomaliza, hakuna aliyenipa mkono. Bibi mmoja alinisogelea, akanidondoshea kipande cha sabuni kiganjani bila kunigusa. "Pole, mwanangu."

Wiki mbili baadaye nilikuta vibuyu chirizi karibu kila nyumba. Nilipokaribishwa chakula, watu watatu walisimama kunitazama nikinawa.

"Na katikati ya vidole," mmoja akakumbusha.

Mwenyekiti akaniinamia. "Vipi, ukweni wamelegeza?"

"Ukweni wapi? Mimi sijaoa."

"Ndiyo, tunajua. Pole sana."

Sikumaliza ugali. Nilimfuata yule mama kwake. "Shikamoo mama. Siku ile uliwaambia nini?"

"Marahaba." Hakuonyesha hata chembe ya aibu. "Niliwaambia ulikwenda kuposa. Ukatoka chooni, ukampa baba wa binti mkono, kisha ukamega ugali kwenye sinia lao. Mama wa binti akanusa. Ng'ombe wako wakarudishwa siku hiyo hiyo, ndiyo maana unazunguka vijijini kuwaonya wenzako."

"Mama! Na hotuba yangu?"

"Niliisema yote. 'Anasema mnawe mikono.'"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia naitisha mkutano, nakanusha.

"Kanusha, mwanangu," akasema. "Ila subiri nyumba mbili za mwisho zimalize kuchimba vyoo."

Nikasubiri. Zilipomaliza, bosi wangu akaja kutoka mjini na daftari, anataka kujua ni ujumbe gani uliowagusa wananchi. "Simulizi ya uzoefu binafsi," nikajibu. Akaandika, akapigia mstari mara mbili.

Kijiji kilichofuata nilimwomba mama tuongozane, na safari hii niliisimulia mwenyewe. Niliongeza na mashemeji wawili waliowaswaga ng'ombe wangu kwa fimbo huku wameziba pua. Mama alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Mkutano ulipoisha nilikuta mbuzi jike amefungwa kwenye pikipiki yangu. Wazee walikuwa wamekubaliana kunichangia nianze kuposa upya.