Rafu za Mama Séraphine kwenye Simu

Ukiingia leo kwenye maktaba ya Tujenge, pale Mabanga, mjini Goma, mashariki ya Kongo, utamkuta mama mmoja mfupi, kitenge amekifunga barabara kiunoni, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Watu wanamwita Mama Séra. Jina lake kamili ni Séraphine Nyiransabimana, mzaliwa wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Nilimfahamu nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Haya ninayoyasimulia, mengi niliyaona, na mengine aliniambia mwenyewe huku akifuta vumbi, maana hajui kuongea mikono ikiwa imekaa bure.

Alifika Goma kwa shangazi yake mwaka wa 1998, baada ya vita kuwafukuza shambani mara ya tatu. Wakati huo maktaba ilikuwa katikati ya mji, upande wa Birere, na kazi aliyoipata ilikuwa kupiga deki. Mkutubi, Papa Ntirenganya, alikuwa mtu mkali asiyependa maneno. Lakini siku moja alimkuta amesimama na ufagio, anasoma migongo ya vitabu mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza. Hakumfokea. Alivuta droo moja ya mbao akamwonyesha fishi.

Fishi ni kadi ndogo ya karatasi ngumu. Kila kitabu kilikuwa na yake: mbele jina la kitabu, aliyekiandika na namba ya rafu, nyuma, kwa kalamu, jina la mtu aliyekiazima na mahali anapoishi. Papa Ntirenganya alimfundisha kuzipanga, na baada ya mwaka mmoja Séraphine alikuwa anazijua kuliko yeye.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Januari 2002, mlima wa volkeno ulio juu ya mji ulipopasuka na moto kushuka mpaka ndani ya mji. Papa Ntirenganya alikuwa kitandani na malaria. Séraphine alikuwa peke yake maktabani, moshi umeshafunga barabara ya juu, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Alimsimamisha kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo.

"Mama, safari moja tu," yule kijana alisema. "Chagua mbio, moto iko nyuma yetu."

Alitazama rafu, vitabu elfu tatu na zaidi. Halafu akaanza kupakia droo za fishi. Zilikuwa kumi na mbili. Alizipakia zote, hakuchukua hata kitabu kimoja.

Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Rwanda, alimkuta Papa Ntirenganya kwenye uwanja wa kanisa, amejifunika blanketi. Mzee alipoona droo, alishika kichwa.

"Bitabu bimeungua, na wewe unaniletea majina yao?"

"Papa, geuza hiyo kadi," Séraphine alijibu. "Vyenye vimeungua ni vile vilikuwa kwenye rafu. Vile viko kwa watu, tunajua viko kwa nani."

Mzee aligeuza kadi moja, akageuza ya pili, kisha akavuta droo nzima karibu naye.

Wiki tatu baadaye Séraphine alianza kutembea. Mawe mapya yalikuwa bado na joto chini ya sandali. Nyumba nyingi zilizoandikwa kwenye kadi hazikuwapo tena, kwa hiyo alimtafuta mtu badala ya nyumba: kwa majirani, makanisani, mpaka Sake, mji wa jirani, na Gisenyi. Mama mmoja wa Majengo, aliyepoteza kila kitu isipokuwa watoto na sufuria mbili, alifunua sufuria moja akatoa kitabu cha hesabu. "Mwanangu alisema ni ya watu, tusiiache," alisema. Miezi mitano Séraphine alitembea hivyo. Alirudisha vitabu mia tatu na kumi na moja, na kwa vitabu hivyo tu maktaba ilifunguliwa upya, Mabanga, kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja. Siku ya kufungua, Papa Ntirenganya alisimama mbele ya watu. "Mimi kazi hii nilisomea," alisema. "Huyu amezaliwa nayo." Miaka miwili baadaye alimwachia kiti.

Miaka ilienda na vitabu viliongezeka. Waasi walipoingia mjini mwaka wa 2012, Mama Séra alifunga mlango siku nne. Siku ya tano alifungua, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanagonga. Ilipofika 2019 alikuwa na vitabu elfu sita, na ndipo wafadhili walipoleta katalogi ya intaneti. Mtu aliyetumwa kuitengeneza alikuwa Bienvenu Kataliko, fundi wa kompyuta, kijana mwenye kiburi kidogo na uwezo mkubwa. Alifanya kazi safi. Kila kitabu kiliingizwa na jina, mwandishi na namba. Ungeweza kutafuta ukiwa nyumbani, kwenye simu yako.

Lakini hakuna aliyekuwa anapata kitu. Watu waliendelea kuja mlangoni kuuliza kwa mdomo.

"Hawajui kutafuta," Bienvenu alisema. "Inafaa tuwafundishe."

Mama Séra hakubishana. Aliuliza swali moja: "Ile maneno watu wanaandika ndani, iko inabaki mahali?"

Ilikuwa inabaki. Bienvenu alimchapia yote, kurasa kumi na tisa, na Mama Séra alikaa nazo siku nzima miwani ikiwa puani. Mtu mmoja aliandika *mbuzi inakohoa*. Katalogi ilijibu: hakuna. Kumbe vitabu vitano vya magonjwa ya mbuzi vilikuwepo, chini ya neno la Kifaransa *Zootechnie*, yaani ufugaji. Mwingine aliandika *barua ya kuomba kazi*. Hakuna. Mwingine, *mtoto anaogopa kusoma*. Hakuna. Wengi waliandika tu *egzetat*, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hakuna, hakuna, hakuna.

"Miezi tatu," alimwambia Bienvenu, "watu walikuwa wanatuongelesha, na sisi tunawajibu hakuna. Na vitabu viko."

Alichukua makasi akakata kurasa vipande, swali moja kipande kimoja, akavitandaza juu ya meza ya kusomea. Alivikusanya kwa mafungu, akavunja mafungu, akayapanga tena. Mwishoni yakabaki mafungu kumi na manne, na kila fungu akalipa jina kwa maneno ya wale walioandika: *Mnyama wangu anaumwa. Nina Egzetat. Natafuta kazi. Kusoma na mtoto. Mlima na moto wake.* Hizo, alisema, ndizo rafu anazozitaka kwenye simu, kila moja na picha za majalada ya vitabu, ili mtu apitie kama anavyopitia sokoni, akiangalia kwa macho kabla ya kuuliza.

Bienvenu alikunja uso. "Mama, katalogi haiandikwi hivyo. Kuna kanuni, dunia nzima inazifuata."

"Sisemi uzifute. Mimi mwenyewe nimeishi na hizo namba miaka makumi mbili. Namba ikae nyuma, ituonyeshe kitabu iko wapi. Lakini mbele ya mlango weka swali ya mutu."

Walivutana wiki mbili. Picha zilikuwa nzito, zingemaliza mega za watu, yaani vifurushi vyao vya intaneti. Bienvenu alizipunguza mpaka jalada likawa dogo kama stempu, na bado linatambulika. Mama Séra alipiga picha vitabu elfu sita kwa simu yake, arobaini kwa siku, karibu na lile dirisha ambapo mwanga ni mzuri. Korona ilipofunga maktaba mwaka uliofuata, hakuacha.

Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Moto ulisimama pembeni ya mji, lakini ardhi ilitetemeka siku kadhaa, na asubuhi moja serikali ikaamuru watu waondoke. Mama Séra alitembea mpaka Sake na maelfu ya wengine, akapata nafasi kwenye darasa la shule pamoja na familia sita. Rafu kumi na nne zilikuwa zimekamilika ndani ya simu yake, ila hakuna mtu wa nje aliyekuwa amezijaribu. Siku ya pili aliangalia huku na huku, akaona kwamba kwenye darasa lile watu walikuwepo tele, na kazi hawakuwa nayo.

Alimpa simu kwanza Muzee Léopold Twagirimana, mfugaji wa vilima vya Masisi aliyekimbia na ng'ombe wawili waliofungwa nje ya darasa.

"Muzee, nitafutie humo kitabu ya ng'ombe. Sitakusaidia, nitaangalia tu."

Mzee alipitisha kidole chake kinene juu ya kioo, akapita rafu sita, akasimama. "Haiko," alisema akarudisha simu.

Ilikuwepo. Ilikuwa rafu ya kumi na moja, chini kabisa. Mama Séra aliandika kwenye daftari: *hawashuki chini.* Akampa mwingine, na mwingine. Katika siku nane alijaribisha watu thelathini na wawili. Alijifunza kwamba neno *mnyama* liliwafanya wengine wafikirie wanyama wa porini, na kwamba jalada lenye picha ya ng'ombe husema kuliko jina lolote. Alijifunza pia kwamba mtu akikosa mara mbili anaona haya, na harudi tena. Kila jioni alimpigia Bienvenu, aliyekuwa amekimbilia Bukavu, na kila jioni Bienvenu alibadilisha kitu. Rafu kumi na nne zikawa tisa, zikaenea kwenye kioo bila kushuka. Juu ya rafu ya mifugo akaweka picha ya ng'ombe mwenye pembe ndefu.

Siku ya tisa alimrudishia Muzee Léopold simu. Mzee aligusa ng'ombe, majalada yakajitokeza, akagusa moja. Alicheka mpaka ng'ombe wake wakageuza vichwa.

"Bienvenu," Mama Séra alisema kwenye simu, "muzee amepata. Peke yake."

"Kweli?" Bienvenu aliuliza. "Basi nilikuwa nimekosea, Mama."

"Hukukosea. Ulikuwa hujakaa Sake."

Rafu zilifunguliwa kwa watu wote Agosti ile. Mwezi wa kwanza vitabu vilivyoazimwa vilizidi mara tatu. Lakini jambo lenyewe ninalotaka kulisimulia lilitokea mwaka uliofuata.

Mwishoni mwa 2022 vita vilipamba moto Rutshuru, na watu wakamiminika Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, wakajenga vibanda vya sheeting, yaani turubai, juu ya mawe ya volkeno. Asubuhi moja Mama Séra alifungua kompyuta akaona maombi thelathini yamewekwa na mtu mmoja: Pascasie Mukamugema, Kanyaruchinya. Vitabu vyote vilitoka rafu ya *Kusoma na mtoto*.

Kanuni ya maktaba ni vitabu vitatu kwa mtu. Mwenyekiti wa kamati, Papa Niyitegeka, alitikisa kichwa. "Mukimbizi hana anwani, Mama. Kesho atakuwa wapi? Ni kuvipoteza."

"Papa, mimi nimeshatafuta vitabu kwa watu waliounguliwa nyumba," Mama Séra alimjibu taratibu. "Najua watu wanafanya nini na kitabu ya watu. Acha niende nimuone kwanza."

Alipanda pikipiki akaenda. Alimkuta Pascasie chini ya turubai lililotoboka, mwalimu wa darasa la pili, mwembamba, sauti imekauka, watoto sitini na tatu wamekaa mbele yake juu ya mawe. Ubao ulikuwa mlango wa kabati. Walisalimiana kwa Kinyarwanda, na Mama Séra alipouliza ametoka wapi, akajibu, Kalengera. Alikuwa amefundisha kwenye shule ileile ambayo Séraphine alijifunzia kusoma. Walishikana mikono muda mrefu.

Kisha Mama Séra aliuliza lile alilolifuata.

"Mwalimu, nani alikuonyesha namna ya kutafuta vitabu kwenye simu?"

Pascasie alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kunionyesha? Hakuna mutu alinionyesha. Niliazima simu ya jirani, nikaona picha ya mama na mutoto wanasoma. Nikagusa. Kwani kulikuwa na kitu ya kujifunza?"

Mama Séra aliniambia kwamba hilo ndilo jibu alilokuwa analingoja tangu Sake. Aliinama akajifanya anafunga sandali.

Kesho yake, Mama Séra alipomsimulia aliyoyaona, Papa Niyitegeka alitia sahihi karatasi ya kubadilisha kanuni: mwalimu aliye kambini ataazima kwa darasa lake lote. Vitabu thelathini vilipanda Kanyaruchinya ndani ya mifuko miwili ya mchele, vimefungwa plastiki kwa ajili ya mvua, na Mama Séra mwenyewe juu ya pikipiki. Walimu wengine wa kambi wakafuata. Kufikia Pasaka madarasa kumi na saba yalikuwa yanachagua vitabu vyao kwenye simu, na vilivyopotea vilikuwa vinne tu. Maktaba moja ya Bukavu iliandika barua kuomba ruhusa ya kuiga zile rafu, na ikauliza Madame la Directrice, yaani Mama Mkurugenzi, alisomea chuo gani. Bienvenu ndiye aliyejibu. Aliandika kwamba alisomea Birere, Sake na Kanyaruchinya.

Siku moja nilikwenda naye kambini kubeba mifuko. Mama Séra aliwauliza watoto wa Pascasie: mkiangalia picha zile, ni rafu gani hamuioni? Walitazamana. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono.

"Yenye vitabu vya kuchekesha," alisema.

Darasa zima likaanza kupiga kelele, ndiyo, ya kuchekesha, ya kuchekesha! Mama Séra alivaa miwani yake, akaandika maneno yale kwenye daftari bila kubadilisha hata moja. Jumatatu rafu ya kumi ilikuwa imefunguka, na kabla ya Ijumaa vitabu vyake vyote vilikuwa vimeshaazimwa.