Tundu Nililochonga kwenye Gitaa la Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na patasi mbili za marehemu mume wangu, nimezifunga kwenye kitenge, nikafika kwenye karakana ya vyombo vya muziki mjini Mbarara. Mkuu wa Karakana, Munyankore mrefu aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni, alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Nyabo, hapa hatuna jiko," akasema; nyabo kwao ni mama.

"Mi siombe jiko, Bwana. Niko natafuta kazi ya mbao."

Akacheka, akanipa ufagio. Nikafagia. Ilikuwa mwaka 1999, nina miaka arobaini na moja, na tangu tukimbie Kivu Kusini sikuwa nimeshika chombo kingine ila jembe. Nawaheshimu wakulima, nimelelewa nao, lakini mimi na jembe hatukuwahi kupatana. Niliapa sitarudi kwake.

Baada ya ufagio nilipewa nyuzi, baada ya nyuzi nikapewa kuchomelea waya kwa risasi, kisha sumaku, yaani vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi ambavyo hunasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Miaka ikapita. Kukata mwili wa gitaa kulibaki kwa Mkuu peke yake. Waya mbovu hubadilishwa, alikuwa akisema, lakini mbao ikikatwa vibaya imekatwa. Hapo alisema kweli, ingawa aliisema mara nyingi mno, tena nikiwa karibu.

Karakana yetu ilihudumia bendi ya kambi ya jeshi, nami nilipangiwa kwenda huko na Mkuu kila mwezi. Siku moja Sajenti wa Bendi alitoa kisanduku chenye daraja jipya la gitaa. Daraja ni kile chuma kifuani ambako nyuzi huishia. Madaraja mengi yametulia tu, hayaendi popote. Hili lilikuwa na mkono wa kushika: ukiusukuma chini, sauti inateremka na kulia, ukiuachia, inarudi pale pale. Ili nyuzi zisiteleze, zinabanwa huku kwenye daraja, na kule mwanzo wa shingo zinabanwa tena kwa vibanio vitatu vinavyokazwa kwa alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita.

Daraja la aina hiyo halilali juu ya mbao. Linachimbiwa shimo, linaegemea nguzo mbili ndogo za chuma na kuelea. Mbele nyuzi zinalivuta, na mgongoni mwa gitaa springi zinalivuta upande wa pili, kama watu wanaoshindana kuvuta kamba. Wakitoshana nguvu, daraja linakaa sawa. Nilimtazama Mkuu akilifunga siku mbili nzima na sikukohoa.

Basi gitaa la Sajenti likapigwa kwenye sherehe mjini, na Kiongozi wa Kwaya yetu ya kanisa la Misiera, Papa Amani, ambaye ndiye pia mpiga gitaa, akalisikia. Alinifuata nyumbani kabla sijavua viatu.

"Mama Riziki, ile gitaa ya basoda wa jeshi inalia sawa mutu mwenye kufiwa! Na yetu ilie vile."

"Ile ni kukata mbao, Papa. Na gitaa munayo ni hii moja tu."

"Weye njo fundi. Kata."

Yeye mwenyewe alihangaika hadi akalipata daraja Kampala. Nililipeleka kwa Mkuu pamoja na gitaa, nikamwomba ruhusa ya kukata mwenyewe. Alivaa miwani, akaivua.

"Kare, kata. Lakini sikia, nyabo. Ukiharibu hii gitaa ya kanisa, hiyo patasi iko naacha hapa kwa mlango, wewe narudi kulima."

Nilijua hatanii.

Sikiliza namna nilivyofanya, maana leo wengi huanza na mashine kabla ya penseli. Nilipima kutoka kwenye kile kijimfupa cha mwanzo wa shingo hadi chuma cha kumi na mbili kati ya vile vinavyokatiza shingo, nikarudia urefu huo huo mara ya pili, na pale ulipoishia ndipo nyuzi zinapopaswa kugusa daraja. Usipime kutoka ukingo wa mwili, ukingo ni urembo tu. Nilinyoosha uzi wa kushonea katikati ya shingo hadi mkiani, ili daraja lisikae upande. Nikatoboa matundu mengi kwa drili, nikayaunganisha kwa patasi: mbele shimo la kina kifupi, katikati tundu la kupenya hadi nyuma kwa ajili ya kile chuma kinene kilicho chini ya daraja, na mgongoni mfereji wa springi. Siku nne. Kuta zilitoka laini hata Mkuu alipopitisha kidole hakikukwaruza popote. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumapili ikafika. Kwetu kwaya haianzi kwa noti iliyoandikwa. Anayeanza ni Mama Furaha, na huanza pale Roho anapomkuta. Leo chini, kesho juu kabisa. Papa Amani humsikiliza ubeti wa kwanza, akizungusha masikio ya gitaa, vile vishikio vya kukazia nyuzi, haraka haraka mpaka nyuzi zimfikie Mama Furaha, kisha anaingia. Tumefanya hivyo tangu tukiwa kwetu Kivu.

Siku hiyo Mama Furaha alianza chini. Papa Amani akazungusha masikio, kumbe nyuzi zimebanwa shingoni. Akatoa alenki, akafungua vibanio, akalegeza uzi mmoja. Springi zikashinda mvutano, daraja likainama nyuma, na nyuzi tano nyingine zikapanda. Akalegeza wa pili, zikapanda tena. Mama Furaha alimaliza beti nne peke yake, na Papa Amani akaketi na gitaa mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la Mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile. Askari hupiga kwa noti ile ile kila siku, daraja la kuelea linawafaa. Kwetu gitaa humfuata mwimbaji. Nimeimba kwaya hiyo miaka yote, na wakati wa kukata sikulifikiria hilo hata mara moja.

Jumatatu nilimweleza Mkuu mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

"Basi weka patasi," akasema.

"Hapana, Bwana. Nipatie hii juma moja."

"Jumapili nakuja kuona na macho yangu."

Niliketi na gitaa lile siku tatu bila kukata kitu. Nililegeza, nikakaza, nikatazama chuma cha chini kinakokimbilia. Uzi ukilegea, chuma kinakimbilia upande wa shingo. Basi kizibiwe njia! Nikachonga kipande cha mvule, nikakisugua kwa msasa hadi kikaingia kwa kubana kati ya chuma na ukuta wa upande wa shingo, nikaongeza springi moja ili daraja likiegemee kwa nguvu. Shingoni nikaviondoa vibanio vyote vitatu. Sasa mkono uliweza kushuka na kulia, lakini uzi mmoja ukiguswa, nyingine hazikujua.

Jumapili Mkuu alikaa benchi la mbele, suti na tai. Mama Furaha akaanza juu, juu mno. Papa Amani akazungusha masikio sita, akaingia kwenye ubeti wa pili, na katikati ya wimbo akasukuma ule mkono. Gitaa likalia. Watu wakasimama.

Baada ya ibada Mkuu alitoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko cha mgongoni, akakitazama kile kipande cha mvule.

"Hii mimi sikukufundisha."

"Ndiyo, Bwana. Ulinifundisha ya basoda."

Akarudisha kifuniko. Kesho yake lililetwa gitaa jingine la kambi ya jeshi la kukatwa. Akalisukuma kwenye meza yangu, akaenda kunywa chai.

Nilistaafu mwaka 2015, vidole vilipoanza kufa ganzi. Nimekata magitaa mengi baada ya lile, mengine yenye mashimo safi zaidi. Hata hivyo, kazi ninayojivunia kuliko zote iko ndani ya gitaa la kwaya, na nusu yake ni kuziba nilichochimba mwenyewe. Bado linapigwa. Mimi hukaa nyuma, na Mama Furaha anapofungua kinywa mimi hufunga changu. Nasubiri ubeti wa kwanza uishe. Nyuzi zinamfikia, zinashika, nami ndipo ninapoanza kuimba.