Alitaka controller ya Makambako ikae kwake Dar, nikachomoa waya mbele ya tajiri

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na atakayebisha nitamjibu hapa hapa.

Mimi ni mtoto wa Ipelele, Makete. Nina diploma tu, lakini nimefanya kazi kwenye data center za Uarabuni ambazo wengi wenu mnaziona kwenye video. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Niliporudi niliajiriwa na tajiri wa malori, tunamwita Alhaji. Ana seva kwenye yadi ya Makambako na nyingine ofisi ya Njombe.

Nikamjengea fabric. Yaani swichi zote za mtandao zinapokea maelekezo kutoka sehemu moja, kwenye controller iliyoko Makambako, badala ya kuzizungukia moja moja.

Chumba cha seva cha Njombe hakina hata AC. Baridi ya kule mnaijua.

Akaja mtaalamu kutoka Dar, digrii mbili, kiatu kimechongoka. Akamwambia Alhaji controller ihamie kwenye seva za kampuni yake Dar. Eti ikizima hapa Makambako hata dakika, malori yote yanapotea kwenye mfumo.

Nikaanza kunusa kitu. Mtu anayejua kazi hasemi hivyo.

Halafu kila nikimuuliza password atashika nani, anapokea simu ambayo haijaita.

Alhaji alikuwa na kalamu mkononi, mkataba wa yule mtaalamu mezani.

Nikasema, "Alhaji, niruhusu niichomoe controller sasa hivi."

Mtaalamu akacheka. "Bwana mdogo, utaua biashara ya mzee."

Alhaji akaitikia kwa kichwa. Nikachomoa.

Mara simu yangu ikaita. Upendo, dada wa kaunta ya Njombe: "Kaka, printa imegoma!"

Mtaalamu akakunja mikono. Wakuu, moyo wangu acheni tu.

Nikamuuliza, "Inaandikaje?"

"Aah, kumbe karatasi zimeisha."

Malori yote yalikuwa yanaonekana kwenye mfumo, mizigo inasajiliwa kama kawaida.

Nikamwambia tajiri, "Controller ni kama wewe unavyowapangia madereva njia. Ukienda kuswali, malori hayasimami barabarani. Ila atakayekaa kwenye kiti chako anaweza kuyageuza yote."

Alhaji akafunika kalamu.

"Kwa hiyo huyu anakichukua kiti changu, na hela nimlipe mimi?"

Jamaa akakusanya laptop yake, anasema hatukumwelewa. Mpaka leo sijui alitumwa au ni tamaa yake mwenyewe.

Nikawa natabasamu. Alhaji akanigeukia.

"Na wewe fundi, kiti hicho sasa hivi kakaa nani?"

"Mimi, Alhaji."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

Akaniangalia vile vile alivyomwangalia yule wa Dar. Akamwita binti yake, mhasibu wa yadi. "Kaa hapo. Akufundishe leo hii, na akupe funguo zote."

Iliniuma. Mimi niliyemwokoa! Lakini nilimfungulia akaunti ya admin, na sasa sibadilishi kitu bila yeye kuuliza, "Hii ya nini, kaka?"

Nilichojifunza: anayeililia controller yako, mwambie kwanza muizime muone. Na kama umeishika peke yako, hata uwe mkali kama mimi, tajiri ana haki ya kukutilia shaka.

Kwenye ofisi zenu funguo anashika nani? Semeni ukweli, sitawacheka.